Kigango cha ndugu hakiuzwi

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama, Kalume Mwakiru, kando ya vigango viwili nyumbani kwake huko Kaloleni, pwani ya Kenya. Mzee alikuwa amevisimamisha kwa ajili ya ndugu zake wawili waliofariki. Haukupita muda wezi wakaving'oa. Udvardy aliporudi na picha, mzee alimwomba amsaidie kuvitafuta. Akafa mwaka 1987, havijaonekana.

Kwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi miongoni mwa Wagiriama, maziko hayamalizi mambo. Marehemu huweza kuwajia jamaa ndotoni akidai chake. Hapo hutafutwa fundi, karamu ikaandaliwa na kigango kikasimamishwa: ubao mrefu wa mti mgumu, juu una kichwa cha duara, na kiwiliwili kimechanjwa pembetatu safu kwa safu. Hakuna anayetarajia kifanane na sura ya marehemu. Chini yake humiminwa tembo la mnazi, na wa nyumbani husema naye. Familia ikihama, kigango hubaki palepale hadi kioze.

Katika misiba yetu mingi, pole huenda kwanza kwa wazazi, kwa mjane na kwa watoto. Kaka au dada wa marehemu huambiwa ajikaze, apokee wageni, ahesabu michango. Matanga yakianuliwa, hakuna anayemuuliza hali. Kigango kilimpa Mwakiru mahali pa kwenda.

Haja hiyo haiko pwani peke yake. Mchoraji wa Norway, Edvard Munch, alifiwa na dada yake Sophie mwaka 1877 kwa kifua kikuu. Binti alikuwa na miaka 15. Miaka minane baadaye Munch alianza kumchora akiwa ameegemea mto mkubwa mweupe, na mwanamke kando yake ameinamisha kichwa. Alipaka rangi, akaikwangua, akapaka tena. Picha ilipoonyeshwa mwaka 1886, ilidhihakiwa. Hakukoma: katika muda wa miaka 40 hivi aliichora picha hiyohiyo mara sita.

Baadhi ya picha hizo alizichora kwa wateja waliomlipa, na hakuna wa kumlaumu. Aliyefiwa ni yeye. Aliuza alipotaka, akachora tena alipohitaji. Mwakiru hakuulizwa.

Ndiyo maana hoja ya wakusanyaji, kwamba vigango vinahifadhika vizuri zaidi ndani ya kabati za vioo kuliko vikiachiwa mchwa na mvua, haina mashiko. Wenyewe walivisimamisha wakijua vitaoza. Aliyeviweka ndiye mwenye haki ya kuamua mwisho wake, na anayenunua kigango kilichong'olewa ananunua kilio cha mtu.

Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimoja cha vile viwili kwenye picha alizoonyeshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa katika mkusanyiko wa chuo kikuu kimoja cha Illinois, Marekani. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Watafiti hao, pamoja na John Baya Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Juni 2007 kigango cha Illinois kilirudishwa kwa familia kwa sherehe. Kilizungushiwa vyuma, kwa hofu ya wezi.

Kilichowezesha yote hayo ni picha moja. Makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30, vikafika Kenya mwaka 2019, lakini havikuwa na kumbukumbu ya boma vilikotoka. Vimerudi nchini bila kurudi nyumbani.

Familia za Wamijikenda, Wagiriama wakiwemo, zenye vigango zivipige picha leo, ziandike jina la marehemu, la aliyevisimamisha na la kijiji, na nakala ziwekwe kwa wazee wa kaya na Makumbusho ya Taifa. Serikali za kaunti za Kilifi na Kwale zigharamie kazi hiyo. Na wewe ukiuziwa kigango dukani au hotelini, usinunue, toa taarifa.