Mtoto Akiota Nywele za Utu Uzima Mapema, Usimkande Tumbo

Mama anamwogesha bintiye wa miaka minne, anaona nywele sehemu za siri. Uso una chunusi, sauti imeanza kuwa nzito. Bibi anasema mtoto amerogwa. Jirani anasema ni kuku wa kisasa. Miezi inapita.

Mzazi, dalili hizo kwa msichana aliye chini ya miaka 8 au mvulana chini ya miaka 9 si za kusubiri. Mara nyingi chanzo chake si saratani. Lakini mara chache huwa ni uvimbe kwenye tezi ya adrenali, tezi ndogo inayokaa juu ya kila figo na kutengeneza homoni. Uvimbe ukiota hapo, homoni huzidi mwilini. Watoto wengine huvimba uso, hunenepa huku kimo kikidumaa, na presha hupanda.

Saratani hii ni adimu mno, na kwa watoto huonekana zaidi kabla ya kutimiza miaka 5. Tiba yake kuu ni upasuaji. Daktari huitoa tezi pamoja na uvimbe wote ukiwa mzima ndani ya ganda lake. Ganda likipasuka, seli za saratani humwagika tumboni na ugonjwa hurudi kwa urahisi. Ndiyo maana tumbo lenye uvimbe halikandwi, halichuliwi kwa mafuta ya nazi wala halichanjwi chale.

Ukiwa Pangani, Mkinga au Muheza, anza kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya Bombo. Mtoto atapimwa damu na tumbo kwa utrasaundi. Ikibidi, atapelekwa Muhimbili au KCMC, Moshi. Nauli inauma, lakini uvimbe unaowahiwa ungali mdogo ndio wenye matumaini makubwa ya kupona.

Baada ya upasuaji, tezi moja iliyobaki inatosha maisha yote, ila mara nyingi huwa "imelala" kwa muda. Mtoto hupewa vidonge vya haidrokotizoni hadi iamke. Usivikatishe ghafla hata akionekana mzima, maana anaweza kuzimia na kufa. Akipata homa au akitapika, mkimbize hospitali na useme mapema: huyu alitolewa tezi ya adrenali.