RUNGU KWETU, BUNDUKI KWA VIGOGO!

Kijana wa Mbinga, hebu nijibu. Usiku wa manane mlango wa jirani yako unavunjwa kwa jiwe la fatuma. Msimu ni wa kahawa, malipo yametoka, na majambazi wanajua nani kalipwa. Wewe mkononi una nini? Filimbi? Panga? Sala?

Najua unavyotamba kijiweni: "Ningekuwa na bastola mimi, wangenitambua!" Wangekutambua kweli, ukiwa maiti. Bastola mkononi mwa mtu asiyefundishwa ni zawadi kwa jambazi. Mkono unatetemeka, risasi inampata mtoto wa jirani, na silaha inaondoka na mwizi.

Unabisha? Uliza habari za Liuli, hapo chini ziwani. Agosti 1914 Wajerumani walikuwa na meli yao ya silaha, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mwingereza Rhoades akaja na Guendolen, akaishambulia kwa mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, rafiki yake wa kunywa naye, akapanda mtumbwi kwenda kumfokea. Hakuwa na habari kwamba vita vimeanza! Akatekwa hapo hapo. Meli ya silaha ilimsaidia nini? Silaha bila maandalizi ni chuma tu.

Sasa mafunzo utayapata wapi, wewe mlalahoi? Jibu wanalo watawala, ila wamelikalia. Mwaka 1971, Amin akiwa ndiyo kwanza ameipindua serikali ya Uganda, TANU ilitoa Mwongozo: ulinzi wa nchi ni wa umma. Mgambo likawa jeshi la wananchi. Mwaka 1978 Amin alipovamia Kagera, maelfu ya mgambo walikwenda vitani. Nani aliwauliza wana shilingi ngapi benki? Tena sheria ya 1975 ilimpa mgambo uwezo wa kukamata wahalifu kama polisi, na mwaka 1989 sungusungu nao wakaongezwa.

Leo je? Kijana anapigishwa kwata juani, anafundishwa kufungua na kufunga bunduki, anafundishwa shabaha. Anahitimu, mgeni rasmi anahutubia, picha zinapigwa. Kisha bunduki inarudi ghalani, kijana anapewa rungu na kutumwa kumwaga nyanya za mama lishe na kumkimbiza mmachinga. Huyo mama ni shangazi yake! Mwenye bahati analinda duka la tajiri usiku kucha kwa mshahara wa kununulia sukari.

Na ukitaka bunduki kihalali? Sheria ya 2015 inataka uwe na miaka 25, uwe umefundishwa, na maombi yako yapite kwenye kamati za usalama. Masharti hayo siyapingi hata kidogo. Ninachopinga ni gharama: nauli ya kufuatilia, ada, mafunzo, halafu bei ya bunduki yenyewe. Kigogo analipa kwa siku moja. Mkulima wa Litembo auze mibuni mingapi? Na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, mteule wa Rais, si mtu uliyempigia kura.

Usinielewe vibaya, ndugu yangu. Sikutumi ukatafute gobore la kuficha uvunguni. Hilo litakupeleka jela wewe, si jambazi. Kama lipo nyumbani, subiri tangazo la msamaha ulisalimishe, kama walivyofanya wenzako 2023.

Ninachokutuma ni hiki. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, usikae kijiweni. Simama uulize: wahitimu wa mgambo wa mtaa huu wako wapi? Kwa nini hawalengi shabaha tena baada ya kuhitimu? Kwa nini msimu wa malipo ya kahawa wasipangwe zamu za doria pamoja na polisi, silaha zitoke kituoni kwa saini na kurudi asubuhi kwa saini? Mshauri wa mgambo wa wilaya yupo, analipwa kwa kodi yako. Ajibu!

Wakikuambia hilo ni suala la wakubwa, waambie mlango unaovunjwa usiku si wa mkubwa. Wake una askari getini.