Hasikii nini?

Kuna neno limejirudia katika karibu kila mswada uliofika mezani kwa toleo hili: "hasikii". Mwalimu wa darasa la tatu analo, mzazi analo, hata mtaalamu mwenye shahada tatu kaliweka ukurasa wa pili bila kulifafanua. Nilianza kwa kulipigia mstari, nikaishia kukasirika. Toleo zima linahusu shule za kutenga, na neno linalowapeleka watoto huko hakuna aliyelikagua.

Kenani wengi wenu mnaijua kwa ripoti. Kituo hicho cha mapokezi ya wakimbizi wilayani Nchelenge, Zambia, kilifunguliwa mwaka 2017, familia zilipovuka kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, Kongo, zikikimbia mapigano. Mwaka uliofuata wengi walihamia makazi ya Mantapala, wilaya hiyohiyo. Mama mmoja wa upande wa Moba, tuliyekaa naye kwenye kivuli cha turubai akichambua dagaa wa chisense, alinieleza kuhusu mwanawe wa kiume. "Mwalimu alisema hasikii." Hasikii nini, mama? Akaniangalia kama vile mimi ndiye mwenye tatizo. "Nyumbani anasikia. Nikimwita kula, anafika wa kwanza."

Swali hilo nililouliza kwa bahati ndilo hoja yangu. Kiswahili kimetupa kitenzi kimoja kwa mambo matatu. Hasikii: masikio yake hayafanyi kazi. Hasikii: haelewi lugha, kama tunavyosema fulani anasikia Kifaransa kidogo. Hasikii: ni mkaidi, na wahenga wameshamwandalia adhabu, kwani asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kibemba cha Nchelenge nacho kinabeba kusikia na kuelewa katika ukumfwa uleule. Kwa hiyo mwalimu Mbemba na mzazi Mkongo wanaweza kukubaliana kabisa kwamba mtoto "hasikii", kila mmoja akiwa na maana yake kichwani, na mtoto akahamishwa darasa kwa makubaliano ambayo hayapo.

Tazameni lugha yenyewe. Mtaala wa Zambia ulioanza kutumika 2014 ulitaka darasa la kwanza hadi la nne wafundishwe kwa lugha saba za nchi. Kwa mkoa wa Luapula, ilimo Nchelenge, ilikuwa Kibemba. Kiswahili hakimo kati ya saba hizo. Mtoto wa Pweto huenda akapata nafuu, maana Wabwile, watu wa huko, wako pande zote mbili za ziwa Mweru. Aliyetoka Moba au Manono na Kiswahili chake anaketi nyuma, ananyamaza, na kimya chake kinaandikwa kuwa uzito wa akili. Akichoka kunyamaza akaanza kuchokoza wenzake, inaandikwa kuwa ni ukorofi. Na yule anayeruka kitini kila rimu ya gari inapogongwa kuashiria mapumziko? Huyo anasikia kupita kiasi. Anasikia chuma, anakumbuka alikotoka.

Wenye elimu jumuishi huniambia Azimio la Salamanca la 1994 limemaliza mjadala. Wenye shule maalumu hunijibu kwa Mary Warnock, ambaye ripoti yake ya 1978 iliwafungulia watoto wenye mahitaji maalumu milango ya shule za kawaida Uingereza, naye mwaka 2005 akaandika kwamba mambo yameenda kombo. Ubishi umekuwa wa Simba na Yanga: kila mtu anajua atashangilia nani kabla filimbi haijapulizwa. Mimi nauliza la kabla ya mechi. Mtoto alipimwa na nani, kwa lugha gani, kwa chombo gani?

Jibu la chombo lilipatikana Zambia zamani. Miaka ya 1970 Robert Serpell, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Zambia, aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester maumbo wayanakili. Kwa penseli na karatasi, Manchester walishinda. Kwa waya, walishinda Lusaka, watoto wanaojitengenezea magari ya waya tangu wakiwa wadogo. Kwa udongo, sare. Baadaye yeye na Ravinder Kathuria wakasanifisha kipimo cha Panga Munthu, yaani "tengeneza mtu": mtoto anapewa udongo afinyange, haambiwi achore. Nusu karne karibu imepita, na bado kuna mahali mtoto ambaye hajawahi kushika penseli anawekewa fomu ya kuchora, kisha anaitwa mzito.

Tusidhani mataifa makubwa yalituzidi. California mwaka 1970 watoto wa Kimeksiko waliowekwa madarasa ya "wenye akili pungufu" baada ya kupimwa kwa Kiingereza walikwenda mahakamani; walipopimwa kwa Kihispania, wengi wao walionekana hawastahili kuwepo humo. London mwaka 1971, Bernard Coard wa Grenada alionyesha jinsi watoto wa Karibi walivyosombwa kupelekwa shule za namna hiyo.

Mtasema mhariri wa jarida la Kiswahili anakipigania Kiswahili. Kweli, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Lakini sisemi shule za kutenga zifungwe. Mtoto kiziwi akiachwa peke yake kati ya wenzake wasiojua hata alama moja, ametengwa kuliko yule anayelala bweni na viziwi wenzake, na Ibara ya 24 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu inaidai lugha ya alama waziwazi. Ninachokataa ni kumtenga mtoto kabla ya kumulika masikio yake kwa kurunzi kuona kama yana usaha, na kabla ya kumsemesha kwa lugha ya mama yake.

Humu ndani mna historia ya Magwero, shule ya wasioona iliyoanzishwa 1905, iliyoandikwa kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Mna ziara ya shule ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam. Isomeni kwa ajili ya maelezo ya uwanja wa michezo. Makala ya shule za marekebisho za Kenya ina hasira inayostahili na majedwali yasiyostahili. Ya bajeti ni ndefu.

Kuanzia toleo lijalo, mswada wenye neno "hasikii" utarudi kwa mwandishi na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: hasikii nini?