Kompyuta za vyama zifuate msimu

Mkulima wa pamba Shinyanga hapandi mbegu siku itokapo ghalani, husubiri mvua. Vyama vya msingi vinavyotunza kumbukumbu za wanachama kwenye kompyuta havina budi kufuata busara hiyo.

PostgreSQL, programu huria ya kanzidata isiyolipiwa, hutoa toleo kubwa jipya mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Septemba au Oktoba, na kila toleo huendelea kurekebishwa kwa miaka 5. Hivyo hakuna sababu ya kukimbilia kila jipya. Toleo libadilishwe mizani ikishafungwa, kabla ya kupanda kuanza Novemba.

Marekebisho madogo ya usalama ni suala jingine. Hutoka Februari, Mei, Agosti na Novemba, hivyo mengine huangukia wakati wa ununuzi. Hayo yasicheleweshwe, ila nakala ya akiba itangulie.

Wafanyabiashara wa dhahabu Geita, ambako soko la madini lilifunguliwa Machi 2019, hawana msimu wa kupumzika. Wao wachague siku mapema na kuiandika katika mkataba na fundi.

Kilo zikipotea kwenye kompyuta, anayelala bila malipo ni mkulima.