Chuma, Baridi, na Heliamu ya Rukwa



Muhula huu, katika kipindi cha Fizikia, niliuliza chuma hufanyaje katika baridi iliyopita kiasi. Darasa zima likacheka. Mwenzangu mmoja akasema, "Kwani Manyoni kuna barafu?" Barafu hakuna, ingawa asubuhi za Juni pale bombani mtu hulia. Lakini nasema swali lile ni letu hasa.

Kule Cadarache, Ufaransa, mataifa mengi yanajenga mtambo uitwao ITER, wa kuunganisha viini vya haidrojeni kama lifanyavyo jua. Gesi yake itafika nyuzi milioni 150, wala hakuna chombo kiwezacho kuigusa, hivyo itazuiwa kwa nguvu za sumaku. Sumaku hizo hupozwa kwa heliamu hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, na maganda yanayozishikilia ni ya chuma kisichoshika kutu, ndugu wa sufuria zetu za stenlesi.

Chuma cha kawaida kikipoa sana huvunjika kama chungu. Hiki hakivunjiki hivyo, bali huongeza nguvu. Walakini kikivutwa mno hakirefuki polepole. Hurefuka kwa kushtukashtuka, na kila mshtuko hutoa joto. Katika baridi ile, joto dogo tu hupandisha nyuzi nyingi. Tena atomu zake hubadili mpangilio, nacho kikaanza kuvutwa na sumaku. Hata hapa dalili yaonekana: nilichukua sumaku ya spika mbovu nikaipitisha juu ya bakuli la stenlesi. Palipo bapa haikushika. Ukingoni, palipokunjwa kiwandani, ilishika kidogo. Wenzangu wakaacha kucheka.

Sasa heliamu. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa ipo nyingi katika bonde la Rukwa, tawi la Bonde la Ufa, ambalo tawi lake jingine garimoshi hulipanda kutoka Saranda kuja hapa kwetu. Je, sisi kazi yetu iwe kuisindikiza bandarini tu? Matangi na mabomba ya kuihifadhi ikiwa kimiminika yanataka mafundi wanaokijua chuma katika baridi, na mafundi hao hawatatoka katika madarasa yanayoikimbia Fizikia kwa kuwa ni ngumu.

Wazazi nao hutushauri tuchukue masomo mepesi. Nimekwisha kumwandikia baba kwamba nitajaza Fizikia, Kemia na Hisabati. Jibu lake bado sijalipata.