Cha Juu Hutoka Kwenye Nyumba

Cha juu ni fedha anayoipachika dalali juu ya bei aliyoitaja mwenye nyumba. Dar es Salaam utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba mauziano mengi huanza kwa kauli moja: "Mimi nataka milioni themanini yangu mkononi, ya juu yako." Anayeitamka huamini amepata huduma ya bure kwa kuwa hakutoa senti mfukoni. Imani hiyo ni ya uongo, na inauma kuona watu wazima, wenye elimu zao, wakiwafundisha vijana wao kwamba huo ndio ujanja wa kuuza.

Kosa huanzia kwenye namna bei inavyopatikana. Wengi hupiga hesabu ya saruji, nondo, bati na fundi, kisha wakaweka faida kidogo. Wengine hutaja ukubwa wa shida waliyonayo, iwe ada ya chuo au matibabu ya mzazi. Hesabu zote mbili hazimhusu mnunuzi. Yeye hununua njia ya gari hadi mlangoni, maji ya bomba, umbali wa kituo cha mwendokasi, na uhakika kwamba masika hayatamfuata sebuleni kama yanavyowafuata wakazi wa bonde la Msimbazi. Hununua karatasi pia. Nyumba yenye hati miliki ya miaka 33, 66 au 99 hailingani na ile yenye mkataba uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa tu, hata kama kuta zote zilipandishwa na fundi mmoja. Thamani ni kiasi ambacho mnunuzi asiyeshurutishwa, aliyekwisha kuona nyumba nyingine za aina hiyo, anakubali kutoa. Akitoa milioni 100, nyumba ilikuwa ya milioni 100.

Kwa hiyo cha juu hakina chimbuko jingine ila nyumba yenyewe. Mnunuzi hakutoa milioni 80 kwa ajili ya nyumba na milioni 20 kwa mapenzi yake kwa dalali. Zote ametoa kwa ajili ya nyumba, na zote zilikuwa za mwenye nyumba mpaka alipozigawa kabla hajaziona. Dalali wa asilimia 5 angechukua milioni 5, muuzaji akabaki na 95. Muuzaji amekwepa kulipa milioni 5 kwa kulipa 20, kisha akaondoka akijisifu.

Hasara nyingine haimfikii hata masikioni. Anapojitokeza mnunuzi mwenye milioni 88, mwenye nyumba angempokea kwa mikono miwili, lakini dalali anayeisubiri ishirini yake humrudisha njiani. Miezi inapita. Madalali watano wanaitangaza nyumba ileile kwa bei tano, kila mmoja na cha juu chake, hadi wanunuzi wanaanza kunong'ona kwamba nyumba ina kesi.

Wapo wanaojibu kwamba hiyo ni riziki ya dalali, asionewe kijicho. Hoja hii ni dhaifu mno. Riziki ya dalali ni ujira wa kazi inayojulikana: kutafuta mnunuzi mwenye uwezo, kumweleza muuzaji bei za jirani bila kumficha, kusimamia upekuzi wa hati kwa msajili, kuzungumza bei. Kazi hiyo ni ngumu na inastahili kulipwa vizuri. Fedha iliyofichwa haigeuki kuwa riziki kwa kutajiwa jina la Mungu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka wakala amtolee hesabu aliyemtuma. Kauli ya "ya juu yako" humvua mwenye mali haki hiyo kwa kinywa chake mwenyewe.

Kisha inakuja siku ya mkataba, na hapo uongo hukosa pa kukaa. Ikiandikwa milioni 100, muuzaji anakadiriwa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake, juu ya milioni 20 ambazo hakuzigusa. Ikiandikwa 80, mnunuzi ametia saini hati isiyo ya kweli, na siku atakapouza yeye atadaiwa kodi juu ya "faida" aliyokwisha kumlipa dalali. Huku viongozi wa baadhi ya mitaa nao wanadai asilimia 10 yao kwa kugonga muhuri, tozo ambayo haimo kabisa katika Sheria ya Ardhi ya 1999, na watu wanailipa kimya kimya.

Njia iliyo sawa haina siri. Kwanza hupatikana bei kutoka kwa mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya uthamini ya 2016, wala si kutoka kwa dalali wa kibao cha nguzo ya umeme. Dalali hupewa mkataba wa maandishi wenye asilimia na muda. Kila bei inayoletwa humfikia mwenye nyumba, mwenzi wa ndoa huridhia kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, fedha yote huingia katika akaunti ya muuzaji, na ujira wa dalali hutoka humo.

Kwenye nyumba za urithi jambo hili huwa zito zaidi. Msimamizi wa mirathi hutakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyozigawa. Anayemwambia dalali "ya juu yako" ametoa kitu kisicho chake, kwa niaba ya mjane na watoto ambao hawakuwepo chini ya mwembe maneno hayo yaliposemwa. Ataandika kwamba nyumba iliuzwa milioni 80. Mnunuzi anayeishi humo anajua alitoa 100.