Usilipie Ladha ya Mtu Mwingine

Mwisho wa mwezi ukifika, simu yako inajaa ofa za mvinyo, na zetu pia. Picha ya chupa, nyota nne na nusu, bei ya zamani imekatwa kwa mstari, na hapo chini nambari ya kulipia. Dakika tatu baadaye pesa zishatoka na wewe unangoja boda.

Kuna siku sisi hapa ofisini tulichanga, mia mbili mia mbili, tumnunulie mwenzetu chupa ya siku yake ya kuzaliwa. Tukachagua ile yenye nyota nyingi kuliko zote. Ikafika kwa wakati, baridi vizuri. Mwenye sherehe akaonja, akatabasamu kwa heshima, halafu akaomba soda. Mvinyo ulikuwa mkavu na mchachu, na yeye ni mtu wa vitu vitamu. Hakuna aliyetutapeli. Tulilipia tu ladha ya watu tusiowajua.

Ndiyo maana tunasema hivi: simu ni chombo kizuri sana cha kutafutia na kununulia mvinyo, lakini wengi wetu tunaitumia kinyume. Tunaiuliza wengine wanapenda nini, badala ya kuitumia kujua sisi wenyewe tunapenda nini.

Hebu tuziangalie hizo nyota. Vivino, programu iliyoanzishwa Denmark mwaka 2010, inakuruhusu kupiga picha lebo ya chupa na kuona alama ambazo watumiaji wengine wameipa, kati ya 1 na 5. Ni kazi nzuri. Lakini alama hiyo ni wastani. Mtu wa Ufaransa aliyezoea mvinyo mkavu na jirani yako anayependa kitu tamu Jumapili jioni wametiwa kwenye hesabu moja. Ukichukua anayependa pilipili na asiyeipenda kabisa, ukajumlisha ukagawa kwa mbili, unapata mchuzi ambao hakuna aliyeuagiza.

Bei je? Mwaka 2008 jarida la Journal of Wine Economics lilichapisha utafiti wa Robin Goldstein na wenzake, uliokusanya zaidi ya majaribio 6,000 ambapo watu walionja mvinyo Marekani bila kujua bei wala jina. Wale wasio na mafunzo ya mvinyo hawakuzifurahia zaidi chupa ghali. Kwa wastani, walizipenda kidogo chini ya zile za bei nafuu. Kwa hivyo ukiongeza elfu moja ukidhani unanunua utamu, huenda unanunua lebo tu.

Sasa ufanye nini? Anza na maneno matatu: utamu, uchachu na ukakasi. Utamu unaujua. Uchachu ni ule wa ndimu au ukwaju, unaokujaza mate mdomoni. Ukakasi ni ule unaokausha ulimi, kama strungi iliyokaa sana kwenye birika au ndizi ambayo haijaiva. Mtu akijua anasimama wapi kwenye hayo matatu, tayari ameshinda nyota nyingi.

Kisha yatumie kutafuta. Neno "dry" kwenye lebo lina maana kwamba sukari iliyobaki ni kidogo, hata kama tangazo lina picha ya matunda yaliyoiva. Ukipenda utamu, tafuta "sweet" au "semi-sweet", au Moscato, ambayo mara nyingi ni tamu na kileo chake huwa chini. Ukipenda uchachu, jaribu Sauvignon Blanc. Wengi husikia humo harufu ya pasheni. Kama strungi haikusumbui, Cabernet Sauvignon itakufaa. Pinotage, zabibu iliyozaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, ni nyekundu na nzito kiasi. Na usisahau ya nyumbani: Leleshwa inatengenezwa kwa zabibu zinazolimwa Bonde la Ufa, upande wa Naivasha.

Programu zinapokueleza habari za matunda ambayo hujawahi kuonja, usijione mshamba. Andika yako. "Kama zambarau." "Kama ukwaju bila sukari." "Hii ni ya nyama choma, si ya kunywa peke yake." Ukizipa chupa kadhaa alama zako mwenyewe, programu kama Vivino huanza kukadiria zipi zitakufaa wewe. Kama hutaki programu nyingine kwenye simu, fungua ule ujumbe wa malipo tunaokutumia. Unaonyesha duka, siku na kiasi. Haujui kama ulifurahia. Unakili kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu, ongeza jina la chupa na mstari mmoja. Chupa sita ulizoziandika wewe zitakushauri vizuri kuliko nyota elfu sita za wageni.

Ndiyo maana hatukushauri kukimbilia katoni au ile ofa ya "nunua mbili upate ya tatu" kwa mvinyo ambao hujawahi kuonja. Nunua moja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikikupendeza, duka halihami.

Na kwa sababu pesa zinapita kwetu, haya hatuwezi kuyanyamazia. Lipa kwa nambari ya till ya duka, na usome jina linalotokea kabla hujaweka PIN. Muuzaji akisema "till imeharibika, tuma kwa hii namba yangu," simama hapo hapo. Duka likikubali malipo baada ya mzigo kufika, chagua hiyo. Chupa ikifika, angalia kizibo, kisha tafuta stempu ya ushuru. Programu ya KRA iitwayo Soma Label inaisoma kwa kamera na kukuonyesha kama ni halali. Kama ina shida, irudishe kabla hujaifungua. Ukigundua umetuma pesa pasipofaa, tupigie mara moja, maana pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni vita. Na kisheria, kama hujafika miaka 18, makala haya si yako.

Utasema: kwani nyinyi hampati ada mtu akilipa? Tunapata. Mtu akinunua katoni nzima tunapata zaidi. Lakini mteja aliyemwaga chupa ya elfu moja na mia tano kwenye sinki haji kukumbuka nyota. Anakumbuka simu yake ilimponza, na wiki ijayo anarudi kwa pesa taslimu. Sisi tungependa ulipe kidogo, ufurahie, urudi.

Yule mwenzetu wa sherehe siku hizi ana orodha yake fupi kwenye simu, chupa nne tu. Mwaka huu tulipochanga, hatukufungua nyota zozote. Tulimwomba orodha.